Theluji Aliyoijua Kivoi Kabla ya London

Kwa siku kadhaa mawingu yaliziba upeo wote. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, alikuwa mgeni wa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu huko Kitui. Mwenyeji wake alikwisha kumwambia kwamba kaskazini-magharibi kuna mlima wenye kichwa cheupe, ila huonekana siku ya anga safi tu. Tarehe 3 Desemba 1849, Krapf akiwa anajiandaa kurudi pwani, anga likatakata. Akaona mlima mpana mno, na juu yake nguzo mbili mfano wa pembe, zimevikwa weupe.

Kutoka Kitui hadi kileleni ni kama kilomita 150 kwa mruko wa ndege. Kwa watu wa vilima vya Kitui, kuanzia Matinyani na kuendelea, hakuna cha ajabu hapo: mvua ikishaosha vumbi, anayeamka mapema akasimama mahali pa juu huuona mlima kabla mawingu hayajaurudia. Ajabu ilikuwa London, ambako wasomi walikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta.

Ili kuelewa ubishi huo, tuanzie baharini. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said wa Zanzibar. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 akajiunga naye Johannes Rebmann, wakajenga kituo Rabai, nyuma ya hori za Mombasa. Wakamba walikuwa wakipita huko tangu zamani. Misafara yao ya mamia ya watu ilishuka na pembe na kupanda na nguo, shanga na nyaya za shaba, na ukame wa miaka ya 1830 uliwafanya baadhi yao kulowea karibu na Rabai. Hivyo habari za bara zilikuwa zimekwisha kufika pwani. Waliokuwa hawajafika ni wa kuziandika.

Rebmann ndiye aliyetangulia. Tarehe 11 Mei 1848, akielekea Uchagani na kiongozi wake Bwana Kheri, aliuona Kilimanjaro na kitu cheupe kileleni. Baadaye Wachaga wa Machame wakamsimulia kisa cha kusikitisha. Mangi Rungua, mtawala wao, aliwahi kutuma kundi la watu juu wakachunguze weupe ule, wakidhani huenda ni fedha. Akarudi mmoja tu, viganja na nyayo vimepinda kwa baridi. Kwa maoni yangu huo ndio utafiti wa kwanza wa barafu ya Afrika Mashariki tunaoujua, na waliougharimia kwa maisha yao hakuna anayewakumbuka.

Krapf naye aliondoka Rabai tarehe 1 Novemba 1849. Msafara ulivuka nyika ya Taru isiyo na maji, ukapita Maungu na mto Tsavo, ukaambaa na Ukambani ya kusini, nchi ambayo sasa ni Makueni, kisha ukapanda hadi Kitui. Karibu mwezi mzima kwa miguu. Leo lori hutoka Mombasa, likakata kona Kibwezi na kupanda lami ya Mutomo, likafika Kitui siku hiyohiyo. Njiani Krapf alijionea Kilimanjaro, akaridhika kwamba mwenzake hakuota ndoto.

  

Na kwa Kivoi milima hiyo myeupe haikuwa habari ya kusikia tu. Alikuwa amefika Uchagani na kuuona mlima mweupe wa huko, tena alikuwa amefika Ukikuyu. Akamweleza Krapf tofauti ya milima hiyo miwili. Mfanyabiashara mmoja kutoka Embu akaongeza kwamba amefika chini ya mlima wa kaskazini mara nyingi, ila hakuthubutu kupanda, kwa sababu kile kitu cheupe huporomoka kwa mshindo. Huyo alikuwa akieleza maporomoko ya theluji, na hakuna kitabu kilichomfundisha.

Kule London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikuwa na jibu. Katika kitabu chake cha 1852 aliwabeza wamisionari wote wawili kuwa wameona wasichokijua. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Jiografia yake aliipata kwenye maandishi ya Wareno na kwa kuwahoji wageni wa pwani waliofika Uingereza. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kudharau maneno ya wenyeji, mradi tu maneno hayo yaafikiane na ramani yake. Hoja ya kwamba hewa hupoa kadiri unavyopanda, kiasi cha nyuzi sita kwa kila kilomita, ilikuwa ikijulikana Ulaya. Ukitokea joto la 30 pwani, juu ya mita 5,000 unakutana na baridi ya kugandisha maji. Msafiri Mjerumani, Baron von der Decken, alipopanda Kilimanjaro mwaka 1862 na kunyeshewa theluji, mabishano yalikosa pumzi.

Kivoi hakuishi kuyaona hayo. Agosti 1851, akiwa safarini kuelekea mto Tana pamoja na Krapf, walivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake porini, akibeba maji ndani ya mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mtutu wa bunduki uliozibwa kwa nyasi. Aliporejea Kitui, jamaa za marehemu walimtaka aeleze kwa nini yeye amepona na mwenyeji wake amekufa. Swali hilo halikuwa la kijinga. Akatoroka usiku.

Jina la mlima wa kaskazini, ambalo Krapf aliliandika kwa kuwasikia Wakamba, likawa jina la koloni zima mwaka 1920. Mackinder, mwanajiografia Mwingereza aliyefika kileleni Batian mwaka 1899, aliviita vilele kwa majina ya malaibon, viongozi wa kiroho wa Kimaasai. Barafuto, yale mapande makubwa ya barafu yanayoteremka polepole mlimani, ziligawiwa wengine. Moja ilipewa Krapf. Nyingine mbili zilipewa César na Joseph, waongozaji wa Mackinder kutoka milima ya Alps. Kubwa kuliko zote ilipewa Lewis, mwanajiolojia Mmarekani ambaye hakuwahi kuuona mlima huu. Ile ya mwanajiolojia Gregory imekwisha kuyeyuka, na ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Ya Kivoi haikuwahi kuwapo.