Neno "Balozi": Kutoka Unguja hadi Mwankoko

Mgeni akifika Mwankoko, katika Manispaa ya Singida, akauliza nyumba ya balozi, hataonyeshwa jengo lenye bendera ya nchi ya kigeni. Ataonyeshwa nyumba ya jirani aliye kiongozi wa nyumba kumi. Lakini mwanafunzi wa hapo hapo akisikia redioni kwamba balozi amewasilisha hati za utambulisho Ikulu, yampasa aelewe kuwa huyo ni mtu mwingine kabisa. Neno ni moja, kazi ni mbili. Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi hali hii ilivyotokea, na kwa nini mfasiri hana budi kuwa mwangalifu nayo.

Asili ya neno hili ni ya mbali. Wanaisimu hulihusisha na neno la Kituruki "balyoz", ambalo nalo latokana na "bailo", cheo cha mwakilishi wa Venice aliyekaa Istanbul. Shina lake la Kilatini lilikuwa na maana ya mchukuzi wa mizigo. Katika Ghuba ya Uajemi neno hilo lilitumika kumtaja mwakilishi wa Uingereza. Kwetu Afrika Mashariki lilipata makao Unguja.

Unguja ya karne ya 19 ilizoea wageni wa namna hiyo. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, Richard Waters aliwasili 1837 akiwa mwakilishi wa Marekani. Atkins Hamerton wa Uingereza alifuata 1841. Sayyid naye hakungojea wageni tu: mwaka 1840 alimtuma Ahmad bin Na'aman hadi New York katika jahazi la Sultana. Kwa sheria ya mataifa, Waters na Hamerton walikuwa makonseli, yaani watu wa kuangalia biashara na raia wa nchi zao. Hata hivyo, nguvu za konseli zaweza kupita cheo chake. Mwaka 1873 John Kirk, konseli wa Uingereza, ndiye aliyembana Sultani Barghash, kwa tishio la manowari, hadi akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Basi si ajabu kwamba kamusi za kale zilifasiri "balozi" kwa maana ya konseli; mkubwa zaidi ya huyo hakuwapo.

Mambo yalibadilika Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, Mkataba wa Vienna ulikuwa umekwisha kupanga madaraja ya wakuu wa balozi na kutaja kazi zao: kuiwakilisha nchi, kulinda maslahi yake, kufanya mapatano, kuchunguza hali kwa njia halali na kukuza urafiki. Taifa jipya lilihitaji jina la mjumbe wa daraja la juu kabisa. "Balozi" likapandishwa cheo, na konseli akawa "balozi mdogo".

Wapo wanaodhani kwamba tofauti ya "ubalozi" na "ubalozi mdogo" ni pambo la lugha tu. Historia yetu yakanusha. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani ya Mashariki kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, na ubalozi ulikuwa umefunguliwa Unguja. Ujerumani ya Magharibi nayo ilikuwa na sera ya kuvunja uhusiano na nchi itakayoitambua mwenzake. Serikali ya Muungano ikatafuta njia ya kati: Ujerumani ya Mashariki iwe na ubalozi mdogo mkuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi. Hata hivyo, mapema mwaka 1965, Ujerumani ya Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akakataa kuendelea kupokea misaada mingine ya serikali hiyo. Mfasiri ambaye angaliandika "ubalozi" mahali pa "ubalozi mdogo" katika siku hizo angalitangaza jambo ambalo Serikali haikulisema.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 neno lilipopanda Ikulu, lilishuka pia vijijini. TANU ilipopanga wanachama wake kwa nyumba kumi kumi, jina rasmi la kiongozi wao lilikuwa mjumbe, lakini watu walimwita balozi. Hawakukosea sana. Mgeni alijulishwa kwake, magomvi ya majirani yalianzia barazani pake, na neno la wakubwa lilipita kwake likishuka, kama neno la wadogo lilivyopita likipanda. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992 kazi hiyo imekuwa ya chama, wala si ya dola, jina limebaki.

Tofauti moja, hata hivyo, isisahauliwe. Balozi wa nyumba kumi hukaa miongoni mwa watu anaowasemea. Balozi wa nchi hutumwa na mkuu wa nchi yake, hukubaliwa kwanza na nchi anayokwenda, na aweza kukataliwa wakati wowote bila kuelezwa sababu.

Kwa hiyo hatuoni haja ya kubuni neno jipya. Twapendekeza waandishi wa nyaraka wataje daraja kila mara panapoweza kutokea shaka: "Balozi wa Tanzania nchini China", "balozi mdogo", "kaimu balozi", "mwambata", "balozi wa nyumba kumi". Na mwalimu wa Mwankoko aanze somo na balozi ambaye watoto wanamjua, kisha awapeleke kwa yule wasiyemjua. Mchukuzi ni yule yule. Mizigo ndiyo inayotofautiana.