Kwa nini nyuso hupotea pichani: Mwongozo kwa mwanagenzi wa kamera ya dijitali

BI HARUSI amevaa shela jeupe, amesimama mlangoni mwa ukumbi saa 7:00 mchana, na mdogo wa bwana harusi, aliyenunua kamera ya dijitali wiki mbili tu zilizopita, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya picha. Anabonyeza mara mia nne. Usiku picha zinapofunguliwa kwenye kompyuta, shela linaonekana kila uzi, maua yanaonekana, hata namba za gari lililopambwa zinasomeka. Palipopaswa kuwa na uso wa bi harusi pana kivuli tu.

Sherehe ya namna hiyo hairudiwi. Wengi hulaumu kamera, na wapo wanaodiriki kulaumu ngozi ya bi harusi mwenyewe. Kosa haliko huko. Mpigaji hakujua kamera yake inavyoupokea mwanga, jambo ambalo mwanagenzi yeyote anaweza kujifunza kwa siku moja, nyumbani, akiwa na karatasi nyeupe na vipande vichache vya mkaa.

Ndani ya kila kamera kuna kipima mwanga. Kifaa hicho hakijui shela ni nini wala uso ni nini. Kazi yake ni kupima wingi wa mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu vilivyo mbele ya lenzi, nacho kimeundwa kwa dhana kwamba dunia, ikichanganywa yote pamoja, ina rangi ya kijivu cha kati. Kadi ya kijivu ambayo wapiga picha wa studio huitumia kupimia hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaoipiga, na dhana ya kamera haiko mbali na hapo. Ikielekezwa kwenye kitu cheupe, kamera hudhani mwanga umezidi, hivyo huupunguza. Ikielekezwa kwenye kitu cheusi, hudhani mwanga ni haba, hivyo huuongeza.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Mwanagenzi aiweke kamera kwenye mpangilio wa otomatiki, ajaze karatasi nyeupe katika picha nzima, apige. Karatasi iwe na maandishi machache, la sivyo lenzi itakosa pa kushika. Kisha afanye vivyo hivyo kwa rundo la mkaa, mahali palepale na kwa mwanga uleule. Akizitazama picha hizo mbili pamoja ataona karatasi imekuwa na rangi ya maji ya kufulia, na mkaa umepauka kama majivu. Kamera imejitahidi kuvifanya vyote viwili kuwa kijivu.

Hicho ndicho kilichomkuta bi harusi. Shela lilijaza sehemu kubwa ya picha, nyuma yake jua likawaka uani, kipima mwanga kikaona weupe mtupu na kukata mwanga wote, ule wa usoni ukiwamo. Kinyume chake pia hutokea. Mzee mwenye ngozi nyeusi akipigwa picha ya karibu mbele ya ukuta wa giza, kamera huongeza mwanga kupita kiasi, na uso wake hutoka umepauka, hauna damu, mithili ya mtu aliyepakwa unga.

Tiba ipo kwenye kamera yenyewe, nayo ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kujumlisha moja huongeza mwanga maradufu. Kutoa moja huupunguza kwa nusu. Penye weupe mwingi mpigaji ajumlishe, penye weusi mwingi atoe. Kanuni hiyo husikika kana kwamba imegeuzwa, na wanagenzi wengi huikataa mpaka warudi kwenye karatasi na mkaa wajionee. Kamera nyingi zaidi ya hapo huruhusu kupima mwanga wa eneo dogo peke yake. Hilo likiwekwa juu ya shavu la anayepigwa, shela halitakuwa tena na sauti katika uamuzi, ingawa kwa uso mweusi sana bado itabidi kutoa kidogo. Simu za kisasa zinazotambua nyuso hupunguza tatizo hili, lakini haziliondoi.

Upungufu huu una historia yake. Enzi za mkanda, Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizozoeleka kwa jina la Shirley, ili mafundi walinganishe rangi nazo. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na nyingine zote zilijitafutia. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, aliyechapisha uchunguzi wake kuhusu kadi hizo mwaka 2009, alielezwa na watu wa kampuni hiyo kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia na nyeusi ulitokana na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti ilipata wakili kabla ya watu. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza teknolojia iliyolenga kuonyesha ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi, ishara kwamba suala hilo lilikuwa bado halijamalizwa.

Hata hivyo wapo waliolimaliza kwa mikono yao zamani. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na sura za wateja wake hadi leo zinasomeka vizuri, kuanzia paji la uso hadi kidevu. Alichokuwa nacho, na ambacho mwanagenzi wa leo hukisahau akishashika kamera ya bei mbaya, ni uchaguzi wa mahali pa kumweka mtu.

Katika Afrika Mashariki uchaguzi huo una uzito wa pekee. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na Nairobi haifiki hata nyuzi 2. Jua la saa 6:00 mchana hukaribia utosini karibu mwaka mzima, likiyageuza macho kuwa mashimo na kuchora kivuli kizito chini ya pua. Mwanga ulio laini hupatikana kabla ya saa 3:00 asubuhi na baada ya saa 10:00 jioni, nao hauna subira, kwa kuwa jua la ikweta huzama haraka. Wenye harusi lakini hawamngojei mpiga picha. Ikilazimu kupiga mchana, bi harusi asogezwe barazani, uso wake ukielekea nje kwenye uwazi na mgongo ukielekea ukuta. Ukuta mweupe ulio mkabala, au shuka jeupe lililoshikwa na watoto wawili, hurudisha mwanga usoni bila gharama yoyote.

Ngozi nyeusi hupata umbo pichani zaidi kwa mng'ao, yaani mwanga unaoteleza juu ya shavu, paji na pua. Mwanga mdogo mkali, kama wa flashi iliyopigwa ana kwa ana, huacha doa jeupe kwenye jasho na giza kando yake. Mwanga mpana wa dirisha au wa baraza hutandaza mng'ao huo taratibu. Ndiyo maana flashi, kama ni ile inayoweza kugeuzwa, ielekezwe kwenye dari nyeupe badala ya machoni pa watu.

Mambo mengine ya ndani ya kamera hayana ugumu mkubwa. Tundu la lenzi hupanuka na kufinyaa, nalo husomwa kinyume: f/2.8 ni tundu pana linaloacha nyuma ya mtu pakiwa na ukungu, f/16 ni finyu na huonyesha vya karibu na vya mbali. Shata ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde, mkono ukitetemeka picha huharibika. Mcheza ngoma anahitaji 1/500 au zaidi. ISO ni kiasi ambacho kamera hukuza kile ilichokipokea, na ikipandishwa mno picha hujaa chenga kama televisheni isiyo na antena nzuri. Picha yenye chenga lakini imetulia ni afadhali kuliko safi iliyotikisika. Chenga hupunguzwa baadaye, mtikisiko ni vigumu mno kuponywa.

Mwanagenzi asikiamini sana kioo kilicho nyuma ya kamera. Juani kila picha huonekana nyeusi, na gizani kila picha huonekana imeng'aa. Kuna mchoro unaofanana na milima uitwao histogramu: kushoto ni giza, kulia ni weupe. Mlima ukigandamana na ukuta wa kulia, maana yake sehemu ya shela imeungua. Ukirundikana kushoto, kuna kitu kimezama gizani, na huenda ni uso.

Faida kubwa ya kamera hizi kwa anayejifunza haiko kwenye wingi wa megapikseli, bali kwenye bei ya kosa. Mkanda wa picha 36 ulipokwisha ilibidi uende kusafishwa, na majibu yalirudi wakati mpigaji amekwishasahau alichofanya. Kamera ya kwanza ya dijitali, aliyoiunda mhandisi Steven Sasson wa Kodak nchini Marekani mwaka 1975, ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Leo kosa huonekana papo hapo, na mtu anaweza kumpiga jirani yule yule picha hamsini katika baraza ile ile, akibadilisha jambo moja tu kila mara. Zoezi la namna hiyo hufundisha kuliko safari ya mbugani.

Ndipo kazi huhamia kwenye kompyuta, na hapo matumaini huwa makubwa kupita uwezo. Programu ya Photoshop, iliyotokana na kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na kutolewa na Adobe mwaka 1990, imewafanya watu waamini kwamba hakuna kisichorekebishika. Ukweli hutegemea kilichohifadhiwa. Faili ya JPEG huwa na ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi, ambayo kamera huiita RAW, huwa na ngazi 4,096 au 16,384. Uso uliozama gizani katika faili ghafi unaweza kuinuliwa kwa hatua mbili hivi ukabaki uso, japo na chenga. Shela lililoungua likawa jeupe tupu halirudi, kwa sababu pale hakuna taarifa ya kurudisha. Kwa hiyo yule kijana wa harusini, kama alipiga kwa faili ghafi, bado ana pa kushika. Kama alipiga kwa JPEG, uso ataupata kwa shida, ukiwa na madoamadoa na rangi zilizochoka.

Si lazima kununua programu ya gharama. GIMP, darktable na RawTherapee hupatikana bure, na simu ina Snapseed. Kazi ifanywe kwenye nakala, kamwe si kwenye picha ya asili. Baada ya kunyoosha na kukata kingo, rangi isahihishwe kwa kutumia kitu kinachojulikana ni cheupe, mathalani kanzu, kwani taa za ukumbini hutia umanjano. Kisha mwanga uongezwe usoni peke yake kwa brashi, bila kugusa shela. Mafundi wa chumba cha giza walifanya hivyo hivyo kwa kukinga mwanga kwa kipande cha kadibodi. Ukali wa picha uwe wa mwisho, na uwe kidogo.

Pana kishawishi kimoja hapa, nacho kimezoeleka katika studio nyingi: kumwangaza bi harusi mpaka awe mtu mwingine. Kurudisha mwanga ambao kamera ilimnyima ni jambo moja. Kumbadilisha rangi ni jambo jingine, na albamu itakaa sebuleni miaka 40. Kipimo ni ngozi yake ilivyo kivulini siku hiyo. Mama yake mzazi akitazama picha huwa mkaguzi mkali kuliko histogramu.

Katika magazeti mpaka huo ni mwembamba zaidi. Agosti 2006 shirika la habari la Reuters liliondoa picha zote 920 za mpiga picha mmoja wa kujitegemea nchini Lebanon, baada ya kubainika kwamba moshi juu ya jiji la Beirut ulikuwa umeongezwa kwa kompyuta. Novemba 2015 shirika hilo hilo liliwataka wapiga picha wake wa kujitegemea waache kutuma picha zilizotengenezwa kutokana na faili ghafi, watume JPEG zilizotoka moja kwa moja kamerani. Mwenye ndoto ya kupigia gazeti inambidi basi aupate mwanga sahihi pale pale uwanjani.

Linabaki suala la kuhifadhi. Kadi ya kumbukumbu isifutwe mpaka picha ziwepo mahali pawili tofauti, mathalani kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, kwa kuwa mwizi wa kompyuta huchukua na mkoba wake. Kwa wakazi wa pwani, lenzi isifungiwe kabatini kwenye mfuko wa ngozi wenye unyevu. Ukungu huota ndani ya kioo kama unavyoota kwenye viatu, na fundi wa kuusafisha si rahisi kumpata.