Neno Linalovuliwa Njiani

Jioni moja pale Kontena, Njiro, jijini Arusha, bwana mmoja mwenye mvi alisimamisha gari, akashuka na kumwendea mama aliyekuwa akisubiri daladala. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, mwalimu." Mama akaitikia, kisha akamwita kwa jina ambalo bila shaka hajaitwa tangu akiwa na kaptula ya shule. Mjukuu, na sare yake ya inglishi midiamu, akauliza: "Bibi, ulikuwa ticha wake?"

Nimelibeba swali lile hadi leo.

Neno mwalimu limetoka kwenye Kiarabu, muallim, ukoo mmoja na elimu, taaluma na maalumu. Wazee wetu waliisikia ile mu- kama kiambishi chao, wakalitia neno katika ngeli ya watu: mwalimu, walimu. Maalim nalo limebaki na sauti ya Kiarabu, na kule Zanzibar ni heshima isiyostaafu: Seif Sharif Hamad alifundisha kabla ya siasa, akaitwa Maalim hadi alipofariki 2021. Nyerere aliacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955. Akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, na watu wakashikilia Mwalimu. Hakuna aliyeliona dogo kwa Ikulu.

Sasa tazama ngazi zetu. Shule ya msingi ina mwalimu mkuu. Ukifika sekondari, ni mkuu wa shule. Chuoni kuna mkufunzi, na juu zaidi mhadhiri. Hapa hapa Njiro, kwenye Chuo cha Uhasibu, wapo watu wanaofundisha kutwa nzima bila hilo jina kwenye cheo chao. Kila anayepanda huliacha mlangoni kama viatu. Inaniuma, kwa sababu anayebaki nalo ni yule wa darasa la kwanza, anayemshika mtoto mkono ili herufi a ifunge tumbo lake vizuri.

Na huyo ndiye tuliyempachika majina. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini ili kila mtoto asome; tukawaita "walimu wa UPE", yaani wa elimu ya msingi kwa wote, kwa kubeza. Shule za kata zilipotapakaa miaka ya 2000, walimu waliopikwa haraka wakaitwa "vodafasta", kama salio la simu. Madarasa yale yangesimamiwa na nani bila wao?

Ticha silichukii. Watoto hulitamka kwa mapenzi. Ila halijazaa: kuna ualimu, kuna chuo cha ualimu kama Patandi pale Tengeru, lakini sijasikia mtu akisomea uticha.

Jioni ile daladala ilifika, kondakta akapiga bodi. Mama hakupanda. Yule bwana alikuwa ameshafungua mlango wa mbele, anapangusa kiti kwa kiganja.

"Kaa hapa, mwalimu."