Shamba la Anathothi

Baada ya dhiki faraja, husema wahenga. Ni methali njema, ila uzito wake hutegemea nani anayeitamka na wakati gani. Aliyeshiba akimwambia mwenye njaa, huwa kejeli. Ikitamkwa kabla ya kosa kukiriwa, huwa ulaghai. Katika imani ya Kikristo, ahadi ya Mungu ya kuwarejesha watu wake baada ya hukumu imefungamana sana na mji uliozingirwa na jeshi, na aliyeitamka humo alikuwa mfungwa. Mtu huyo ni Nabii Yeremia.

Yeremia alitoka Anathothi, kijiji cha makuhani kilichokuwa karibu na Yerusalemu, naye alianza kutabiri mnamo mwaka 627 K.K. Kwa takriban miaka arubaini aliwaonya watu wa Yuda kwamba wanawadhulumu wageni, mayatima na wajane, kisha wanakimbilia hekaluni kana kwamba jengo lenyewe ni hirizi ya kuwakinga. Hawakumsikiliza. Mwaka 597 K.K. Nebukadreza aliuteka mji, akamhamishia Babeli mfalme kijana Yekonia pamoja na wakuu na mafundi. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli, na kuchapishwa mwaka 1939, vinataja posho ya mafuta aliyopewa mfalme huyo wa Yuda na wanawe uhamishoni.

Hapo pakazuka mvutano juu ya faraja. Nabii mwengine, Hanania, alitangaza hekaluni kuwa katika muda wa miaka miwili vyote vilivyotekwa vitarudi. Yeremia aliitikia amina, maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini hakuyakubali maneno yale. Barua yake kwa waliohamishwa ina sauti nyengine kabisa. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee heri hata mji wa adui, kwani Babeli itatimiza miaka 70 kabla ya wao kurejeshwa. Hanania aliahidi marejeo bila ya toba. Yeremia aliahidi marejeo ambayo wengi kati ya wasikilizaji wake wasingeishi kuyaona.

Katika mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia, Yerusalemu ikiwa imezingirwa tena, Yeremia alikuwa kifungoni katika uwanda wa walinzi. Akajiwa na Hanameli, mtoto wa ami yake, aliyemtaka alikomboe shamba la ukoo kule Anathothi. Shamba lenyewe lilikuwa nje ya kuta, upande wa jeshi la Babeli. Ni nani angelinunua? Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi mbele ya mashahidi, akamkabidhi mwandishi wake Baruku hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, ziwekwe katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Maana yake ilikuwa bayana: nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii. Ila baada ya kununua aliomba, na katika sala hiyo alikiri kwamba jambo hilo lilimshangaza hata yeye.

Mnamo mwaka 587 au 586 K.K. mji ulianguka na hekalu likateketezwa. Kilio cha msiba huo kimo katika kitabu cha Maombolezo, ambacho tungo zake nne kati ya tano zimepangwa kwa mfuatano wa herufi 22 za Kiebrania. Sisi wa pwani, tuliozoea tungo za alifu, be, te, tunaijua sanaa hiyo. Huenda mshairi alitaka kulia mpaka herufi ya mwisho, ili kilio nacho kipate mpaka. Na katikati ya utungo wa tatu ndipo rehema inapotajwa.

Koreshi wa Uajemi aliingia Babeli mwaka 539 K.K., na baada yake waliohamishwa wakaanza kurejea. Siku ulipowekwa msingi wa hekalu jipya, vijana walishangilia. Wazee waliolikumbuka lile la kwanza walilia kwa sauti kuu, hata watu wasiweze kuzitenganisha kelele za furaha na za kilio. Hekalu lilikamilika mwaka 515 K.K.

Yeremia hakuwapo. Alikuwa amechukuliwa Misri bila ya hiari yake, na hatusikii tena habari zake. Ahadi yake ya agano jipya, litakaloandikwa mioyoni, Wakristo huisoma kuwa imetimia kwa Yesu. Waraka kwa Waebrania unainukuu kwa urefu. Shamba, kwa kadiri ya maandiko, hakulilima kamwe. Alilipa fedha taslimu, akaiacha hati chomboni kwa ajili ya watakaokuja.