Mtoto akiangukia kichwa: jeraha "dogo" maana yake nini?

Miembe iliyopandwa kando ya njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, bado inazaa, na msimu wa maembe ukifika watoto hawashuki mtini. Wengine huanguka.

Daktari akiandika "jeraha dogo la kichwa", hazungumzii ukubwa wa nundu. Anazungumzia fahamu. Kipimo chake kilibuniwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1974: kufumbua macho kuna alama 4, kusema 5, kusogeza viungo 6. Jumla ya 15 ni mtoto aliye macho kabisa. Kuanzia 13 hadi 15 jeraha huitwa dogo, 9 hadi 12 la wastani, 8 kushuka chini ni kali. Kwa mtoto mchanga, alama za kusema hutolewa kwa jinsi anavyolia au kugugumia.

Aliyezimia kwa muda mfupi, usiozidi nusu saa, au aliyesahau alivyoanguka, naye anaweza kuwa kwenye kundi dogo. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Lakini mwenye 13 si sawa na mwenye 15, na sisi tungependa jina hilo "dogo" lisimtulize mzazi mapema mno. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, mtoto akacheza mchana na kubadilika usiku. Ndiyo maana huangaliwa kwa saa 24 hadi 48.

Mpeleke hospitali mara moja akitapika tena na tena, akipata degedege, akilegea upande mmoja, mboni za macho zikitofautiana, au maji meupe au damu ikitoka sikioni au puani. Aliye chini ya mwaka mmoja mpeleke hata kama anaonekana mzima.

Kulala si kosa. Mwamshe mara kwa mara uone kama anakutambua. Maumivu mpe parasetamoli, si aspirini.

Jambo moja la huku kwetu: kutapika na degedege hufanana na malaria. Ukifika zahanati, anza kwa kusema kwamba mtoto alianguka, lini, na kutoka urefu gani. Kipimo cha malaria kikionyesha anayo, anguko bado lipo, nalo lichunguzwe.