Njia ya Siyu

Ukisoma historia ya pwani yetu utadhani kila kitu kilikuja kwa bahari: majahazi, kaskazi, mizinga. Kisiwani Pate, mimi niliisoma kwa miguu. Mji wa Pate hadi Siyu, kisha Siyu hadi Faza, ni siku mbili ukienda bila haraka. Unalala kwa watu, asubuhi unashika tena njia ya mchanga kati ya minazi na vichaka.

Hebu tazama Siyu ilivyokaa. Mkono wake wa bahari ni mwembamba, mikoko huku na huku, na maji yakipwa linabaki tope tupu. Chombo kikubwa hakifiki. Ndiyo maana miaka ya 1840, Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alipotaka kumnyoosha Bwana Mataka wa Siyu, jeshi lake lilishukia Faza, likaja kwa miguu. Wasiyu wakalivizia njiani. Jemadari Hammad bin Ahmed aliuawa, na waliobaki wakakimbilia vyombo vyao. Siyu ilikuja kushindwa 1863, Said ameshakufa, Majid mwanawe anatawala.

Wengi wetu tunamjua Mataka kama mume wa Mwana Kupona, basi. Vita vyake havina mnara. Vina njia tu. Siku hizi bodaboda inaimaliza upesi, na mgonjwa anashukuru. Lakini wewe usiye na haraka, tembea. Utaelewa jinsi mwenye bahari yote alivyoshindwa na kichaka.