Luva: Historia ya dirisha linalofungwa na upepo ukaingia

Muulize fundi yeyote wa Nairobi au Mombasa jina la dirisha lenye vipande vya vioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, naye atakujibu papo hapo: luva. Muulize sasa jina la kila kipande. Atasita, kisha aseme tu 'kioo cha luva'. Kitu kizima tumekipa jina, viungo vyake hatukuvipa. Hoja yangu ni kwamba pengo hilo si la msamiati pekee. Ni dalili ya ujuzi wa ujenzi ambao pwani yetu iliujua vyema, na ambao sasa tunauacha upotee.

Tuanze na neno lenyewe. 'Luva' tumelitoa katika Kiingereza, nao Waingereza walilitoa katika Kifaransa cha kale. Huko lilitaja uwazi juu ya paa la ukumbi, uliotoa moshi wa meko huku ukizuia mvua. Jumba maarufu la makumbusho la Paris halihusiki hata kidogo, ingawa tahajia ya Kiingereza huwapotosha wengi. Maana ya msingi, basi, ni hii: hewa ipite, mvua ibaki nje.

Maneno yetu mengine ya nyumba nayo yamesafiri. 'Dirisha' lina asili ya Kiajemi. 'Shubaka' limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi unaohusu kusukana kama wavu. Kwa Waarabu ni dirisha; kwa Waswahili likawa pia kidaka kilichochimbwa ukutani. Kwa nini neno la dirisha likaangukia kidaka? Siwezi kudai kwamba ujenzi pekee ndio uliosababisha, lakini hebu tuzitazame nyumba zenyewe.

Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilikuwa na kuta nene za matumbawe na chokaa, na madirisha machache mno ya kutazama njiani. Stara ilitangulia. Hewa na mwanga viliingia kupitia kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu. Leo ukitaja kiwanda, msikilizaji anawaza mashine na moshi! Neno limebaki, nyumba imelitoroka.

Karne ya 19 ilileta mabadiliko. Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja, biashara na Bara Hindi ikapamba moto, na wafanyabiashara Wahindi wakajenga nyumba za ghorofa zilizoelekea barabarani, duka chini na makazi juu. Nyumba ya namna hiyo ilihitaji madirisha makubwa, lakini stara haikuondoka. Jibu likawa mbao nyembamba zilizopachikwa kwa mshazari ndani ya fremu ya dirisha na kwenye roshani. Tembea Ndia Kuu katika Mji wa Kale wa Mombasa (na 'ndia' hapo ni 'njia' ya Kimvita) au Mji Mkongwe wa Unguja, utaziona mpaka leo.

Ujanja wake ni mwepisi. Kila ubao umeinamia nje, ukingo wa nje ukiwa chini kuliko wa ndani. Tone la mvua likigonga huteremka na kurudi nje. Jua la utosini huzuiwa. Mpita njia akiinua macho haoni kitu, ilhali aliye ndani anaona chini barabarani. Upepo nao hupenya kati ya mbao. Na hapa ndipo penye siri: kusi huanza kuvuma mnamo Aprili, majira yale yale ya masika. Dirisha la kawaida hukulazimisha kuchagua, ama ulowe ama utokwe jasho. Dirisha la mbao za mshazari hukupa hewa bila maji.

Karne ya 20 ilileta luva za vioo, zenye mkono wa chuma wa kuzifungua na kuzifunga. Zilienea katika shule, zahanati na nyumba za watumishi. Sasa zinang'olewa, na sababu zipo: mwizi huchomoa vioo kimya kimya, vumbi hupenya, na wavu wa mbu hausimami vizuri. Lakini tumeweka nini badala yake? Vioo vipana vya kuteleza, ambavyo nusu ya dirisha haifunguki kamwe. Chumba kikipata joto, tunanunua feni. Feni ikishindwa, tunanunua kiyoyozi. Stima ikipotea, tunatoka nje. Mwanafunzi wa Kilifi au Tana River hana pa kutokea. Anaandika mtihani huku jasho likidondokea karatasi.

Pendekezo langu ni la aina mbili. Kwa lugha, tusihangaike kubuni: tuna 'upapi', wingi 'papi', yaani ubao mwembamba. Tuseme 'papi za luva', ziwe za mbao, kioo au bati. Kwa ujenzi, wachoraji ramani wetu waende Mji wa Kale wakiwa na futi mkononi, wapime mwinamo wa papi zile kabla hazijaoza. Mwizi atazuiwa kwa nondo, mbu kwa wavu uliopachikwa upande wa ndani. Hayo fundi wa jua kali anayaweza. Asichoweza ni kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyemtajia.